Mwalimu, hiyo si njia ya watumwa

Jumamosi iliyopita mwalimu mmoja aliwapanga wanafunzi wake kwenye njia ya matao pale Ngomeni, yaani Fort Jesus ya Mombasa, ile inayoteremka kuelekea baharini, na kabla mimi mtembeza wageni sijafungua mdomo akawaambia: "Hapa ndipo watumwa walipopitishwa kwenda kupakiwa majahazini." Watoto kimya. Mmoja akaanza kupapasa ukuta kwa kidole, nadhani akitafuta alama ya minyororo. Nikameza mate. Mwezi huu pekee ni mara ya nne.

Wacha niandike mara moja, nipumzike.

Wareno walianza kuijenga ngome hii 1593, kwa ramani ya Mtaliani Giovanni Battista Cairati, kwa sababu ya merikebu zao za kwenda na kurudi Goa, India. Walitaka kuushika mlango wa bandari, basi. Njia ile ilikatwa kwenye mwamba ili watu na chakula viingie kutoka baharini bila adui wa nchi kavu kuona. Ngome isiyo na upenyo wa bahari ikizingirwa ni kaburi. Waomani waliizingira Machi 1696 na hawakuiingia mpaka Desemba 1698. Hesabu mwenyewe miezi hiyo, kisha uniambie waliokuwa ndani wangekula nini bila msaada wa kuja kwa bahari.

Na minyororo? Ukitaka wafungwa, wako, ila wa juzijuzi: Waingereza waliigeuza ngome jela 1895, ikabaki jela hadi 1958. Makumbusho yalikuja baadaye. Yule mtoto aliyepapasa ukuta huenda babu wa babu yake alilala humo kwa kukosa kodi, lakini hilo hakuna anayeuliza.

Sasa kuna upande wa pili unaoniudhi zaidi. Nikisema "si njia ya watumwa", hakosi mtu wa kudakia: "Si unaona! Utumwa Mombasa ni uzushi wa wazungu." Sikusema hivyo! Utumwa ulikuwepo, na mwingi, hasa karne ya 19. Watu walilimishwa mashamba ya ng'ambo, upande wa bara, wakapika kwenye majumba ya mawe, wakabeba mizigo, wakasafirishwa kwa majahazi. Wareno nao walikuwa na watumwa wao humu humu ndani. Vuka daraja la Nyali ufike Kengeleni: Frere Town ilianzishwa 1875 kuwapa makao watu waliokombolewa. Kengele iliyopo pale haikuwekwa kwa ajili ya urembo wa barabara.

Kosa la mwalimu, kwa hiyo, si kuutaja utumwa. Kosa ni kuutafutia shimo moja la kupigia picha, tukitoka hapo tununue mabuyu turudi kwenye basi tukijua umebaki kule chini. Kumbe utumwa ulikuwa jikoni. Ulikuwa kwenye ua wa nyumba ambazo dakika kumi baadaye, mtaa wa Ndia Kuu kule Mji wa Kale, tunazisifu kwa milango ya nakshi. Hapo hakuna mwalimu anayewanyamazisha watoto.

Nikiri na mimi. Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa nikiisimulia hadithi hiyo hiyo ya njia ya watumwa, tena kwa sauti ya chini, maana bakshishi yake ilikuwa nzuri. Hata leo nawaambia wageni kwamba ngome imechorwa kwa umbo la mtu aliyelala. Vitabu vinasema, na ramani ukiigeuza vizuri unamwona. Lakini nikisimama juu ya ukuta saa nne asubuhi, jua linachoma, sioni mtu yeyote. Naona pembe nne zilizochomoza ili mizinga ya kila moja iufagie ukuta wa jirani yake, adui asipate pa kujibanza. Hilo nalielewa. Mtu aliyelala namsema kwa mazoea.

Ukija, njoo saa mbili asubuhi wakifungua. Viatu visivyoteleza, maji, kofia. Nyumba ya Waomani, humo humo ngomeni, usiiruke. Shuka pia nje, upande wa bahari, utazame chini ya ukuta: sehemu ile haikujengwa, ni mwamba wenyewe wa matumbawe uliochongwa. Ukisogeza macho karibu utaona mistari ya matumbawe iliyojikunja kama ubongo wa mbuzi.

Mimi siku ile niliwapeleka watoto huko, nikawasimulia kuzingirwa. Kufikia Agosti 1697 maradhi yalikuwa yamewamaliza maofisa wa Kireno wote, na aliyeshika uongozi wa ngome ni Bwana Daud wa Faza, kule kisiwa cha Pate, Mswahili, akiwa na watu wake, wanaume kwa wanawake. Waswahili wa kumpinga Mreno walikuwa nje ya ukuta, wa kumtetea walikuwa ndani. Mwalimu alikunja uso. Hili halikuwa kwenye daftari lake.

Yule mtoto wa kidole akaniuliza, "Mjomba, huyo wa Faza alikuwa mzuri au mbaya?"

Nikamtazama mwalimu. Mwalimu akatazama saa.