Saruman hakuharibiwa na jiwe

Wasomaji wengi wa J.R.R. Tolkien, mtunzi wa The Lord of the Rings, huamini kwamba Saruman, mkuu wa wachawi watano katika hadithi hiyo, alikuwa mwema hadi siku alipotazama ndani ya palantír, jiwe la kuonea mbali lililokuwa Orthanc, mnara wake, na Sauron, Bwana wa Giza, akamnasa. Tarehe alizoziandika Tolkien mwenyewe zinakanusha dai hilo. Saruman alithubutu kulitumia jiwe karibu na mwaka 3000 wa Enzi ya Tatu, ilhali mwaka 2851, mchawi mwenzake Gandalf alipohimiza Dol Guldur, ngome ya Sauron, ishambuliwe, Saruman ndiye aliyepinga, kwa kuwa alikwisha kuitamani Pete ya nguvu ambayo Sauron aliipoteza, na alitarajia kwamba, iwapo Sauron angeachwa kwa muda, ingejidhihirisha ikimtafuta bwana wake. Kijicho chake kwa Gandalf kilitangulia hata tamaa hiyo, na hapa ndipo penye uzito: Círdan, mmoja wa Elfu, alimkabidhi Gandalf Narya, pete nyingine ya nguvu, siri ambayo Saruman alipoing'amua alimwekea kinyongo, na Galadriel, malkia wa Elfu, naye alitaka Gandalf ndiye aliongoze Baraza Jeupe, baraza la wapinzani wa Sauron. Wala hakuwa mtumishi mwaminifu wa Sauron, kwani alipowatuma maorki, askari wake, wawateke mahobiti, watu wafupi ambao mmoja wao alikuwa na Pete, aliamuru wapelekwe Isengard, ngome yake mwenyewe, si Mordor, nchi ya Sauron.