Trela ya kwanza Marekani: maneno ya muuzaji na ukweli wa mizani

Anayetafuta trela ya kulala safarini kwa mara ya kwanza huanzia ndani: anabonyeza godoro, anafungua makabati ya jiko, anahesabu vitanda vya watoto. Raha, lakini jibu la kwanza liko kwenye mlango wa gari litakaloivuta. Yafuatayo ni maneno yanayosikika sana kwa wanunuzi na wauzaji, na ukweli wake.

"Gari langu linavuta pauni 9,000, kwa hiyo trela ya 7,000 haina neno."

Hii ndiyo inayoponza wengi. Namba ya kwenye matangazo hupatikana gari likiwa karibu tupu. Fungua mlango wa dereva usome kibandiko: kinataja uzito ambao abiria na mizigo, vyote kwa pamoja, havitakiwi kuuzidi. Kikomo hicho kwa kawaida hufikiwa mapema kuliko kile cha kuvuta, kwa sababu pua ya trela, yaani sehemu ya mbele inayoungwa na gari, hulalia nyuma ya gari kwa asilimia 10 hadi 15 ya uzito wa trela nzima, na uzito huo huhesabiwa kuwa mzigo wa gari.

Tuseme kibandiko kinasema pauni 1,400. Trela iliyopakiwa hadi pauni 7,000, ikilalia kwa asilimia 13, inakula 910. Baba, mama na watoto watatu wakitimiza 600, jumla ni 1,510. Umeshazidisha, na bado hujapakia hata sufuria.

"Basi nitarundika mizigo nyuma ya trela, pua ipungue."

Usithubutu. Pua ikiwa nyepesi mno trela huanza kuyumba, hasa upepo ukivuma ubavuni au lori kubwa likikupita, na ikishachachamaa inaweza kulipindua gari lenyewe. Kuna vyuma maalumu vya kugawa uzito vinavyorudisha sehemu ya mzigo kwenye magurudumu ya mbele. Vinasaidia kweli, ila haviongezi hata pauni moja kwenye kile kibandiko, hata muuzaji akiapa.

"Uzito wa trela ni ule wa kwenye karatasi ya dukani."

Huo ni uzito wa trela tupu, bila maji wala vitu vyako. Galoni 40 za maji peke yake ni zaidi ya pauni 330. Piga hesabu kwa uzito wa juu unaoruhusiwa, ulioandikwa kwenye kibandiko cha nje ya trela, upande wa kushoto sehemu ya mbele. Ukishapakia kila kitu, pitia mizani ya vituo vya malori, maana inapima magari ya watu binafsi pia. Kama hujui pa kuanzia, muulize ndugu anayeendesha lori. Jamii yetu huku haiwakosi.

"Familia kubwa, trela kubwa."

Vitanda vitatosha, sawa. Lakini kambi nyingi za hifadhi za taifa zimewekewa ukomo wa urefu, na zile za zamani zina nafasi fupi. Barabara maarufu ya Going-to-the-Sun katika hifadhi ya Glacier, Montana, hairuhusu kwenye sehemu yake ya mlimani chombo kinachozidi futi 21, gari na trela vikipimwa pamoja. Kwa maneno mengine, karibu hakuna trela ya kulala inayopita pale, utaiacha kambini. Wengine wameona hema la watoto pembeni ya trela ndogo linatosha, na mimi niko upande wao.

"Ni ya misimu minne, imeandikwa ubavuni."

Maneno ya biashara. Hakuna kipimo cha serikali nyuma yake. Uliza mabomba na matangi yamekingwaje na baridi.

"Matairi mazima, dari haina doa, nisaini tu."

Tairi za trela huzeeka kwa jua na kusimama hata kama mifereji bado ina kina. Tafuta tarakimu nne za mwisho za alama ya DOT, ile namba iliyochapwa ubavuni mwa tairi: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Zikizidi miaka 5 au 6, nyingi ni za kubadilisha, na hiyo iingie kwenye bei. Maji ndiyo adui mkubwa zaidi, na hata trela mpya huvuja. Bonyeza kuta za pembeni na sakafu chini ya madirisha. Pakibonyea kama sponji, ondoka. Panda juu ukague gundi inayoziba viungo vya paa. Kisha dai waunganishe umeme na maji, wawashe friji, jiko na kiyoyozi mbele yako, kabla kalamu haijagusa karatasi.