Kwa nini wanataka mkojo wangu na nywele za mke wangu?

Huku Busia, mashariki mwa Uganda, wachimbaji wadogo wa dhahabu huchanganya mchanga uliosagwa na zebaki, kisha huchoma lile donge mpaka zebaki ipae na dhahabu ibaki. Mtafiti akitokea na vikopo na mkasi kutafuta kiashiria cha kibayolojia cha zebaki mwilini, maswali huwa haya.

Hicho "kiashiria cha kibayolojia" ni kitu gani?

Ni alama inayopimika mwilini: kwenye damu, mkojo, nywele, hata maziwa ya mama. Nyingine ni sumu yenyewe, kama madini ya risasi ndani ya damu. Nyingine huonyesha kazi iliyofanywa na sumu: dawa za wadudu za jamii ya oganofosfeti hudhoofisha kimeng'enya kiitwacho kolinesterasi.

Si wangetuuliza tu tunachoma mara ngapi?

Wanauliza pia. Ila watu husahau, na anayechimba bila kibali hasemi yote. Tena mama anayeuza chai kando ya moto hachomi chochote, lakini anavuta mvuke uleule.

Mbona mimi mkojo, mke wangu nywele?

Hapa ndipo utafiti huweza kuharibika mapema. Zebaki haiji kwa sura moja. Mvuke wa kuchomea hupita mapafuni, hujikusanya kwenye figo na kutoka kwa mkojo. Nusu yake huchukua kama miezi miwili kutoka mwilini. Ya kwenye samaki ni nyingine, methili-zebaki. Inazidi katika samaki wanaokula wenzao, kama sangara, yule mputa wetu. Hiyo huingia kwenye unywele unapoota, na unywele huota kama sentimita 1 kwa mwezi. Kwa hiyo sentimita 3 za karibu na ngozi zinasimulia miezi 3 ya mboga ya samaki.

Sasa mkate nywele mchomaji. Mvuke umeshika kwa nje, na kuosha hakuutoi wote. Namba itapanda, lakini hutajua kama ni ya mwilini au ya hewa ya kibandani.

Najua neno "nywele" huleta minong'ono. Uliza zinapelekwa wapi na zitatunzwa hadi lini. Utafiti halali una kibali cha kamati ya maadili, na una haki ya kukataa.

Wanajuaje kuwa kipimo chenyewe hakidanganyi?

Kwa kukijaribu kwanza. Tazama sumukuvu, ile sumu ya ukungu wa mahindi na karanga. Mwaka 1971 ulichapishwa utafiti uliolinganisha sumukuvu katika vyakula vya Uganda na wingi wa saratani ya ini. Kazi nzuri, ila chakula cha ghalani hakisemi nani alikila na kiasi gani. Baadaye, nchini Gambia, watafiti walipima kile watu walichokula siku hadi siku, wakakilinganisha na sumukuvu iliyojinata kwenye albumini, protini ya damu. Aliyekula nyingi alikutwa na nyingi. Huko ndiko kuthibitisha kiashiria. Halafu maabara nyingine nayo ipime sampuli zilezile ipate majibu yanayokaribiana.

Muda nao una neno lake. Ukila karanga za ukungu Jumapili, mkojo wa Jumatatu utasema. Wa Ijumaa umeshasahau. Albumini hukumbuka miezi 2 au 3.

Namba ikiwa juu, mimi ni mgonjwa?

Si lazima. Kwa risasi, Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2021 kwamba ikifika mikrogramu 5 kwa desilita ya damu, chanzo kitafutwe na kiondolewe. Hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama. Katika watoto 163 waliopimwa Kampala, utafiti uliochapishwa 2010, takriban mmoja kati ya watano alikuwa na 10 au zaidi. Lakini tone la kidoleni laweza kuchafuliwa na vumbi la ngozi, hivyo likitoa namba kubwa, damu ya mshipani ichukuliwe kuhakikisha.

Kikopo nikijaze vipi?

Mbali na pa kuchomea. Vua nguo za kazi, nawa mikono kwa sabuni, usiguse ndani wala usikiache wazi. Usinywe jagi zima la maji ili "utoe haraka": mkojo mwepesi hushusha namba, ndiyo maana maabara hupima pia kreatinini, taka ya kawaida ya mwili inayotoka kwa mkojo, kusawazisha. Na kabla hujamrudishia mtafiti kikopo, mwulize majibu utayapata lini.