Akili mnemba na betri za magari ya umeme: yasemwayo na yaliyo kweli

Dhana: Akili mnemba huizuia betri isizeeke.
Hakuna programu yenye uwezo huo. Betri ya lithiamu huchakaa hata gari likiwa limeegeshwa, kwa sababu kidogo kidogo lithiamu hunaswa ndani ya seli, yaani vipande vinavyoiunda betri, isiweze tena kufanya kazi. Joto kali huzidisha hali hiyo. Programu nzuri hupunguza kasi ya uchakavu, basi.

Dhana: Asilimia ya chaji kwenye dashibodi imepimwa.
Hii ndiyo inayowasumbua madereva wengi. Vihisi hupima volti, mkondo wa umeme na joto. Chaji iliyobaki hukadiriwa kwa hesabu. Njia ya zamani ni kujumlisha umeme unaoingia na kutoa unaotoka, lakini kosa dogo la kihisi hulimbikizana siku hadi siku. Betri za lithiamu na fosfati ya chuma, ziitwazo LFP, ni ngumu zaidi kukadiria: volti yake karibu haibadiliki kwa sehemu kubwa ya matumizi. Ndiyo maana wenye magari ya aina hiyo hushauriwa mara nyingi kuchaji hadi 100% kila baada ya muda, ili kompyuta ipate mahali pa uhakika pa kuanzia hesabu. Akili mnemba inaweza kuyaboresha makadirio haya, ila yanabaki makadirio. Asilimia ikishuka ghafla, usikimbilie kusema betri imekufa.

Dhana: Umri wa betri haujulikani mpaka ianze kudhoofika.
Mwaka 2019 watafiti wa vyuo vikuu vya Stanford na MIT vya Marekani, pamoja na taasisi ya Toyota Research Institute, walichunguza seli 124 za LFP, zilizodumu mizunguko ya chaji kati ya 150 na 2,300. Kwa data ya mizunguko 100 ya kwanza, wakati seli nyingi hazijaonyesha dalili ya kuchoka, modeli yao ya kompyuta ilitabiri umri wake kwa kosa la takriban 9%. Nayaona kuwa mafanikio makubwa. Hata hivyo, seli zilikuwa za aina moja, tena zilijaribiwa maabara. Modeli iliyofunzwa hivyo haihamishiwi tu kwenye kila gari barabarani.

Dhana: Akili mnemba ndiyo kinga ya moto.
Kinga ya msingi ni mipaka isiyojadiliwa: joto au volti ikivuka kiwango, swichi hukata umeme. Utabiri huongeza tahadhari ya mapema, kwa mfano kutambua seli inayoanza kutofautiana na wenzake.

Dhana: Chaji ikienda polepole kwenye baridi, mfumo unakupunja.
Unakulindia mali. Betri baridi ikilazimishwa kuchajiwa haraka, lithiamu hutanda kama chuma juu ya grafiti, kaboni inayohifadhi lithiamu ndani ya betri, badala ya kupenya ndani, na baadhi ya madhara hayarekebishiki. Magari mengi huanza kuipasha betri ukichagua kituo cha kuchaji kwenye ramani ya gari, kwa hiyo kichague kabla hujaanza safari, hata kama njia unaijua.