Ziara ya Nizwa, Bahla na Jabrin ianzie kwenye maji

Wageni wengi wanaonijia kutoka Dar es Salaam, Mombasa na Unguja huwa wamekwisha kuipanga siku yao kabla ya kushuka Muscat, mji mkuu wa Oman: asubuhi ngome ya Nizwa, mchana ngome ya Bahla, jioni picha za jangwani. Orodha hiyo haina ubaya wowote. Tatizo ni mpangilio wake. Anayeanza na ngome huona kuta nene na mizinga, na akifika ngome ya tatu zote humchanganyikia, ilhali anayeanza na maji hutambua mapema kuta zile zilijengwa kulinda nini.

Kwa sababu hiyo, kituo changu cha kwanza ni Birkat al-Mouz, mji mdogo ulio chini ya milima, kabla ya kufika Nizwa. Hapo hupita Falaj Al-Khatmeen (falaj ni mfereji wa maji wa jadi), mmoja wa mifereji mitano ya Oman iliyoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006. Wastani wa mvua ya nchi hii ni kama milimita 100 tu kwa mwaka, kwa hiyo mkulima wa hapa hategemei mawingu, bali hutegemea maji yaliyojificha chini ya mlima. Wachimbaji wa kale walichimba kisima kirefu kwenye miguu ya mlima hadi wakayafikia, kisha wakatoboa njia ya chini kwa chini yenye mteremko mdogo mno, huku wakiacha mashimo ya wima njiani ili wapate hewa na pa kutolea udongo. Maji huteremka yenyewe mpaka yanapochomoza juu ya ardhi, bila pampu wala ng'ombe wa kuvuta ndoo.

Falaj hii hugawanyika katika mikondo mitatu iliyo sawa, na hapo ndipo ninapowaomba wageni wachutame. Dondosha kipande cha kuti kavu mahali maji yanapotengana, na utaona kikisita kidogo kabla ya kuchukuliwa na mkondo mmojawapo. Ukingo wa jiwe unaofanya kazi hiyo umezuia magomvi kuliko askari yeyote. Matumizi nayo yana daraja zake: maji yanapochomoza huchotwa kwanza ya kunywa, hufuata ya udhu na ya kuoga, na mwishoni ndipo mitende na migomba hunyweshwa. Shambani hayagawanywi kwa ndoo bali kwa muda. Fungu linaloitwa athar ni takriban nusu saa, nalo lilipimwa mchana kwa kivuli cha mti uliosimikwa na usiku kwa kuchomoza kwa nyota. Fungu hilo hurithiwa, huuzwa, hukodishwa kwa mnada, na mengine yamewekwa wakfu kwa ajili ya misikiti. Tafadhali msioshe miguu juu ya mahali pa kuchotea. Ndilo karipio pekee ninalolitoa siku nzima.

Nizwa hatukawii. Mnara wake mkubwa wa duara ulijengwa na Imam Sultan bin Saif wa ukoo wa Yaarubi (Imam hapa ni mtawala wa nchi), yule yule aliyewatoa Wareno Muscat mwaka 1650, na inasimuliwa kwamba kazi ilichukua miaka 12. Ngazi zake hupinda-pinda, na juu ya milango kuna matundu ambayo adui alimwagiwa asali ya tende iliyochemka.

Bahla inatazamwa kwa nje. Ukuta wake wa takriban kilomita 12 haukuzunguka ngome peke yake bali oasisi nzima, pamoja na mitende, nyumba na soko. Sehemu kubwa ni matofali ya udongo mbichi juu ya msingi wa mawe, na udongo huliwa na mvua chache zinazokuja kwa kishindo. Ngome iliingia katika Urithi wa Dunia mwaka 1987, mwaka uliofuata ikawekwa kwenye orodha ya maeneo yaliyo hatarini, na haikuondolewa humo hadi 2004. Ndani vyumba ni vitupu, na anayetaka samani na mapambo atavunjika moyo.

Huyo nitamfurahisha Jabrin, umbali mfupi kutoka Bahla. Imam Bil'arab, mwana wa Sultan bin Saif, aliijenga mnamo 1670 kama makazi na mahali pa elimu, na dari zake za mbao zilizochorwa maua hazina mfano katika ngome nyinginezo za mkoa huu. Ghala la tende lina sakafu yenye matuta: magunia yalirundikwa juu yake, uzito ukazikamua tende, na asali ikatiririka kwenye vijia kati ya matuta hadi kwenye mtungi. Falaj hupita ndani ya jengo lenyewe. Bil'arab aligombana na nduguye Saif juu ya uimamu, akafia hapa akiwa amezingirwa, na kaburi lake limo humo humo. Saif huyo ndiye ambaye majeshi yake yaliteka Fort Jesus ya Mombasa mwaka 1698. Nchini Oman Saif anakumbukwa pia kwa kufufua mifereji na kupanda mitende mingi. Wageni wa Mombasa wakisikia habari hiyo ya Fort Jesus, maswali huwa hayaishi.

Muda ukiruhusu tunaendelea hadi Al-Ayn, zaidi ya saa moja kwa gari, penye makaburi 21 ya mawe yaliyojipanga juu ya kilima mbele ya mlima Misht. Ni ya milenia ya tatu kabla ya Kristo. Mawe yamepangwa bila kiungio, kwa hiyo hairuhusiwi kuyakalia wala kuyapanda. Viatu viwe vya kufunika vidole, na miezi ya Oktoba hadi Machi ndiyo inayofaa.

Siku ya Ijumaa mpangilio hubadilika. Mnada wa mbuzi wa Nizwa huanza alfajiri na kumalizika mapema, kwa hiyo tunauwahi kwanza, kisha tunarudi nyuma Birkat al-Mouz kabla ya kuelekea Bahla, na Al-Ayn tunaiacha.