Kwa nini sichori maegesho ya chini ya ardhi Goma

Mteja mmoja, aliyekuwa akiandaa jengo la maduka karibu na katikati ya mji, aliniomba nimchoree maegesho ya chini ya ardhi ili kiwanja chake kisigeuke uwanja wa magari. Hoja yake ilikuwa na uzito. Gari moja hukaa kwenye takriban mita 2.5 kwa 5, lakini ukijumlisha njia za kupita na kugeuzia, eneo hufika mita za mraba 25 hadi 30. Magari 100 yakiegeshwa uwanjani humeza robo ya hekta au zaidi.

Hata hivyo nilikataa. Goma imekaa juu ya lava, na ile ya volkano ya Nyiragongo ya Januari 2002 ilifunika sehemu kubwa ya katikati ya mji. Kuuchimba mwamba huo ni ghali, ila gharama siyo iliyonitisha. Kilichonitisha ni mazuku, yaani mifuko ya gesi inayoua. Gesi ya kaboni dioksidi inayotoka ardhini ni nzito kuliko hewa kwa takriban mara moja na nusu, haionekani kwa macho, na hujikusanya mashimoni, hasa usiku usio na upepo. Wakaaji wa magharibi mwa mji, kuelekea Sake, wameijua kwa kupoteza mifugo. Maegesho ya chini (siyaiti gereji, maana kwetu gereji ni kwa fundi) ni shimo tulilojichimbia wenyewe, na feni za kulipitishia hewa hutegemea umeme, na kukatika kwa umeme ni jambo ambalo mkaaji wa Goma hahitaji kuelezwa.

Inabaki kupanda juu. Kuinuka mita 3 kwa mteremko wa asilimia 15 kunadai njia ya mita 20, hivyo kwenye kiwanja chembamba njia hiyo hula nafasi iliyokusudiwa kuokolewa. Tena orofa iliyo wazi, yenye nguzo bila kuta, ndiyo hulegea kwanza ardhi inapotikisika, na baada ya mlipuko wa Nyiragongo wa Mei 2021 ilitikisika kwa siku kadhaa.

Nilimpendekezea uwanja mdogo wa kokoto za lava badala ya lami, ili mvua izame, na sehemu yake kubwa iwe ya pikipiki: nafasi ya gari moja hubeba nne au tano, na wateja wake wengi watafika kwa moto, yaani pikipiki za abiria.