Je, dawa inaweza kulegeza hofu? Maswali kuhusu panya na kumbukumbu

Panya hasemi. Hofu yake hupimwaje?

Husikilizishwa mlio, kisha hupigwa shoti ndogo ya umeme miguuni. Baadaye akiusikia mlio ule peke yake, huganda tuli. Mtafiti huhesabu sekunde alizoganda. Kinachopimwa ni tabia. Neno "hofu" tumemvisha sisi.

Dawa inaingilia wapi?

Wengi waliamini kumbukumbu ikishakomaa haiguswi tena. Mwaka 2000 Karim Nader, Glenn Schafe na Joseph LeDoux wa Chuo Kikuu cha New York waliwarudishia panya mlio walioujua, kisha papo hapo wakawadunga anisomaisini ndani ya amigdala, sehemu ya ubongo inayoshughulika na hatari. Dawa hiyo huzuia seli kutengeneza protini. Kesho yake kuganda kulikuwa kumepungua sana.

Mimi hunivutia zaidi panya wale wengine. Waliodungwa bila kusikia mlio, hofu yao haikutikisika. Waliodungwa saa 6 baada ya mlio, vivyo hivyo. Kumbe kumbukumbu ikiitwa hulegea kwa muda, na ili kuihifadhi upya ubongo huhitaji protini mpya.

Mbona watu hawapewi?

Anisomaisini ni sumu, na nani atakubali sindano ya ubongo? Watafiti waligeukia propranololi, dawa ya siku nyingi ya moyo na presha. Kwa binadamu, majaribio mengine yamefaulu, mengine yameambulia patupu.

Ninayo propranololi nyumbani. Nikiimeza nitaisahau ajali niliyopata?

Hapana. Hata pale ilipofaulu, watu walikumbuka vizuri yaliyotokea. Kilichopungua ni kushtuka. Usijijaribie: huweza kumbana pumzi mwenye pumu, na mgonjwa wa moyo akiiacha ghafla hujiweka hatarini.

Hakuna njia isiyogusa kumbukumbu ya zamani?

Ipo. Panya akisikia mlio mara nyingi bila shoti, huacha kuganda kidogo kidogo. Hajasahau lakini: mpeleke kwenye kizimba kingine, hofu hurudi. Amejifunza jambo jipya juu ya lile la zamani. Saikloserini, dawa ya kifua kikuu, huimarisha somo hilo kwa panya. Kwa watu hutolewa sambamba na kipindi cha tiba ya kukabili kinachotisha, na msaada wake umeonekana kuwa mdogo. Tena kipindi kikienda vibaya, huenda ikaimarisha hofu yenyewe.